Korovai: mwongozo kamili wa kuoka mkate wa harusi wa Ukraine

Katika harusi ya Kiukreni keki inaweza kukosekana na hakuna atakayeuliza. Korovai ikikosekana, wazee watauliza. Ni mkate mkubwa wa mviringo, mtamu kiasi, wenye mayai na siagi ya kutosha, uliozungushiwa msuko ubavuni na kujazwa juu ndege, majani, maua na mashada ya matunda, yote yakiwa yametengenezwa kwa unga. Hukaa mezani juu ya rushnyk, kitambaa kirefu kilichotariziwa, hadi saa ya kugawiwa ifike. Wahamiaji wa Kiukreni walioanza kuingia Kanada mwaka 1891 waliondoka na desturi hii, na wajukuu wao wa Alberta na Manitoba wanaendelea nayo. Wapo pia Wakenya na Watanzania waliosoma Kyiv na Kharkiv, wengine wakaoa au kuolewa huko, na kwao swali la nani ataoka korovai si la udadisi tu.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza huanza na njiwa na maua, kwa sababu ndiyo yanayovutia kwenye picha. Mimi nasema aanze na donge. Korovai ni mkate kabla ya kuwa pambo: usipoumuka sawasawa utapasuka ndani ya oveni, na ufa ukipita katikati hakuna ua litakaloufunika. Kwa wazee wa Ukraine ufa huo haukuwa kasoro ya upishi peke yake. Mkate uliopasuka ulisomwa kama dalili ya ndoa itakayovunjika, na ulionyooka juu vizuri kama dalili ya neema. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye unga na moto kuliko kwenye urembo.

Mikono inayooka

Kwa mila, mama wa bibi harusi haoki korovai peke yake jikoni. Huitwa korovainytsi, wanawake waokaji, mara nyingi saba au idadi nyingine isiyogawanyika kwa mbili. Walichaguliwa walioolewa mara moja na wanaoishi vizuri na waume zao. Mjane na aliyeachika hawakuitwa, kwa imani kwamba yaliyowapata yangeingia kwenye unga na kumfuata bibi harusi. Leo familia nyingi zimelegeza sharti hilo, na nadhani zimefanya vyema. Shangazi aliyefiwa na mume ana haki ya kumkandia mpwa wake mkate.

Waokaji huomba baraka kwa starosta, mzee msimamizi wa harusi, kabla ya kugusa unga, kisha huimba tangu kukanda hadi kutoa mkate motoni. Nyimbo zao zinataja unga wa vinu saba, maji ya visima saba na mayai ya kuku saba. Katika vijiji vingi jirani walileta kweli, huyu unga, yule mayai, huyu siagi, na mkate ukawa wa mtaa mzima. Kazi ya kufagia tanuri na kuingiza mkate aliachiwa mwanamume, na hasa mwenye nywele za kujiviringa.

Hata usipofuata ibada yote, chukua hili moja: tafuta wasaidizi. Mapambo ya korovai moja ni vipande vingi vidogo, na unga wake hukauka upesi ukiwa wazi mezani. Watu wanne wanaofanya kazi pamoja watamaliza kwa jioni moja kile ambacho mtu mmoja atakihangaikia usiku kucha.

Ratiba

Zamani harusi nyingi za vijijini zilikuwa Jumapili na mkate uliokwa Ijumaa au Jumamosi. Kwa jiko la leo, na kwa harusi ya Jumamosi, ningepanga hivi: Jumatano jioni tengeneza mapambo makavu, Alhamisi mchana oka mkate, Ijumaa pachika mapambo. Usijaribu kufanya yote siku moja. Mkate wa moto hutoa mvuke, na mvuke hulainisha njiwa wako hadi wainamishe vichwa.

Kabla ya Jumatano chora korovai yako kwenye karatasi, duara la sentimita 26, uonyeshe kila pambo litakaa wapi. Mchoro huo ndio utakaokuambia unahitaji majani mangapi.

Mahitaji

Kwa mkate wa chombo cha sentimita 26 chenye ukuta wa sentimita 10:

- unga wa ngano kilo 1
- maziwa mililita 350
- mayai 4 mazima na viini 2
- sukari gramu 150
- siagi gramu 150, iliyolainika lakini isiyoyeyuka
- hamira kavu gramu 12, yaani vijiko vidogo 4 hivi
- chumvi gramu 12
- vanila, au ganda la limau lililokunwa

Kwa mapambo meupe: unga gramu 400, maji mililita 190, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo.

Kwa kupaka: kiini 1 cha yai na kijiko kikubwa 1 cha maziwa. Ute utakaobaki utunze, ndio gundi yako.

Chagua unga wenye nguvu. Angalia pakiti: protini iwe gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100. Usitumie ule ambao tayari umechanganywa na baking powder, kwa kuwa mkate huu unabeba mzigo na unahitaji mwili imara.

Mapambo kwanza, ingawa si ya kwanza kwa uzito

Uzuri wa korovai unatokana na tofauti ya rangi: mwili wa kahawia unaong'aa, mapambo meupe au ya rangi ya malai. Weupe huo haupatikani kwa unga wa mkate wenyewe. Maziwa, mayai na sukari ndivyo vinavyougeuza unga kuwa wa kahawia, kwa hiyo donge la mapambo halina hata kimoja, wala hamira. Changanya vitu vyake, kanda dakika 10 hadi liwe gumu na laini kama la chapati kavu, lifunge kwenye mfuko na uliache lipumzike nusu saa. Kata kipande kidogo kidogo cha kufanyia kazi, lililobaki likae limefungwa.

Haya ndiyo mapambo yasiyokosekana, na namna ya kuyaunda.

Njiwa wawili ni bwana na bibi harusi, na hukaa katikati juu kabisa wakitazamana. Viringisha kamba ya unga yenye urefu wa sentimita 14 na unene wa kidole kidogo, ifunge fundo moja lisilokaza. Ncha moja inayochomoza juu ni kichwa: ibinye kidogo upate mdomo. Ncha ya pili ibonyeze iwe bapa, ikate mikato mitatu upate mkia. Jicho ni punje ya pilipili manga au kichwa cha karafuu. Chomeka kijiti cha mianzi chini ya mwili kabla ya kuoka, ukiache kitokeze sentimita 5.

Shyshky ni mfano wa matunda ya msonobari, ishara ya uzazi na ukoo usiokatika. Sukuma utepe wa upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 25. Kwa mkasi, kata ukingo mmoja kama pindo la kanga lililochanuliwa nyuzi, kila nusu sentimita, mikato iishie katikati ya upana. Viringisha utepe bila kukaza, bana chini, kisha fungua vile vidole vya juu kwa ncha ya kisu. Tengeneza saba au tisa.

Barvinok ni mmea unaotambaa ambao hubaki kijani hata kwenye theluji, ndiyo maana unasimama kwa pendo lisilonyauka. Kata majani ya umbo la yai refu, sentimita 4 hivi, na uchore mstari wa katikati kwa mgongo wa kisu. Unahitaji majani 30 au zaidi, kwa sababu haya ndiyo yanayoficha viungo na makosa yote.

Kalyna ni kichaka chenye mashada ya matunda mekundu, na katika nyimbo za Ukraine ni mfano wa msichana aliyekua. Viringisha vijidonge vidogo kama dengu, tia kila kimoja tundu kwa kijiti cha meno, viunganishe kumi kumi kwa ute wa yai na uweke jani la ncha tatu kando.

Masuke ya ngano ni rahisi kuliko yote: kamba nyembamba, kisha mkasi ukikata kwa mshazari, upande huu na upande ule, hadi ncha. Jua, mwezi na nyota ni alama za kale zaidi na bado utaziona. Katika sehemu za Podillia, eneo moja la Ukraine, waokaji huviringisha unga kwenye vijiti, wakavioka na kuvichomeka juu ya mkate kama matawi. Ukipenda mtindo huo, punguza mapambo mengine, vinginevyo njiwa watapotea msituni.

Rangi hutumika siku hizi, lakini kwa kiasi. Manjano kidogo ndani ya donge hutoa dhahabu nzuri. Maji ya kiazisukari chekundu usiyachanganye kwenye unga unaookwa, kwa sababu moto huyafifisha na kuyageuza kahawia. Yapake kalyna kwa brashi baada ya kuoka. Mimi napendelea korovai isiyo na rangi kabisa isipokuwa wekundu huo wa kalyna.

Panga njiwa, shyshky, masuke na mashada kwenye trei yenye karatasi ya kuokea na uyakaushe kwa nyuzi 110 hadi 120. Vipande vyembamba huchukua dakika 40, shyshky hadi dakika 90. Yasibadilike rangi. Yakipoa yafungie kwenye kopo lenye mfuniko. Pwani, ambako hewa ina unyevu, yakiachwa wazi usiku mmoja hulegea. Majani ya barvinok usiyakaushe yote. Nusu yaache mabichi, yamefungwa, kwenye friji.

Donge la mkate

Anza na chachu. Pasha maziwa yawe vuguvugu, yasiyouchoma mkono, tia hamira, kijiko cha sukari na gramu 250 za unga. Koroga, funika. Baada ya dakika 30 hadi 45 yatakuwa yamejaa povu na kuanza kuzama katikati. Hapo ndipo pa kuendelea. Hamira ambayo haijatoa povu kwa muda huo imekufa, nunua nyingine.

Piga mayai na viini pamoja na sukari iliyobaki, chumvi na vanila, mimina kwenye chachu. Ongeza unga uliobaki na kanda. Kwa dakika 5 za mwanzo litanata na utashawishika kuongeza unga. Usiongeze. Likishashikana, tia siagi kidogo kidogo huku ukikanda, kila kipande kipotee kabla ya kinachofuata. Kwa mkono kazi hii ni dakika 15 hadi 20, na ndiyo sababu waokaji walikuwa saba, wakipokezana. Limeiva ukivuta kipande kati ya vidole kikawa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika.

Donge hili ni gumu kidogo kuliko la maandazi. Ni makusudi, kwa kuwa laini mno halibebi mapambo na gumu mno hupasuka.

Lipake mafuta, lifunike, liumuke hadi liwe mara mbili. Kwenye jikoni la nyuzi 24 ni saa moja na nusu. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto inaweza kuwa chini ya saa moja, na Nairobi, kwa ule mwinuko, pia huenda haraka kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Fuata macho, achana na saa. Libonyeze litoe hewa, likunje mara chache, liache liumuke tena dakika 40. Umuko huu wa pili wengi huuruka, na ndio unaotoa mkate wenye nyuzi nyororo badala ya matundu makubwa.

Kuunda

Pima donge lote. Litakuwa kilo 1.9 hivi. Tenga gramu 400 za msuko. Lililobaki likunje kingo kuelekea katikati mara kadhaa, ligeuze, kisha lizungushe kwa viganja juu ya meza hadi ngozi yake ya juu ikaze na kuwa laini bila mkunjo. Mkunjo wowote unaoachwa juu ndipo ufa utakapoanzia.

Paka chombo siagi, weka karatasi chini, na ukutani zungusha karatasi inayozidi ukingo kwa sentimita 5. Weka donge, mshono ukiwa chini. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, kwani ngozi ikikauka itachanika.

Gawa zile gramu 400 kuwa kamba tatu za urefu wa mita moja. Zisuke bila kukaza, kwa sababu msuko nao utaumuka. Donge likifika nusu ya umuko wake, baada ya dakika 25 hivi, paka ute wa yai kuzunguka karibu na ukuta wa chombo na ulaze msuko hapo. Ncha zikutane na zibanwe, jani litazifunika. Acha dakika nyingine 20 hadi 30. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole na kubaki alama ndogo, umefika. Likirudi mara moja, subiri. Korovai nyingi zinazopasuka ni zile zilizoingizwa motoni kabla ya wakati huu, kwa haraka ya mwokaji.

Sasa paka yai mwili na msuko wote, kwa brashi laini. Kwa kijiti cha mianzi choma matundu sita au nane yanayofika chini, mahali ambapo mapambo yatakaa, ili mvuke upate njia. Mwisho bandika yale majani mabichi, ute wa yai ukiwa chini yake tu. Ukilipaka jani juu, litakuwa la kahawia na tofauti yote ya rangi itapotea.

Moto

Oveni iwe imefika nyuzi 180. Weka mkate kwenye ngazi ya chini ya katikati. Oka dakika 15, kisha shusha hadi 160 uendelee dakika 50 hadi 60. Usifungue mlango kabla ya dakika 30. Rangi ikifika ya kahawia uipendayo, na kwa sukari hii itafika mapema, funika juu kwa karatasi ya foili bila kuigandamiza.

Oveni za gesi zenye moto wa chini tu, ambazo wengi wetu tunazo, huunguza kitako kabla ya katikati kuiva. Weka trei tupu ngazi moja chini ya mkate ikinge moto. Anayetumia jiko la mkaa afanye nusu ya kipimo kwenye sufuria ya sentimita 20, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Mkate wa kilo mbili kwa mkaa huungua nje ukiwa mbichi ndani.

Kipimajoto kikisoma nyuzi 93 hadi 95 katikati, umeiva. Bila kipimajoto, kijiti kirefu kitoke kikavu, na kitako kikigongwa kitoe mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Uache ndani ya chombo dakika 15, kisha uutoe kwa kitambaa, polepole, na uuweke kwenye waya upoe hadi kesho yake.

Ukipasuka kidogo pembeni, chukua yale majani makavu ya akiba na uyapange yafuate ufa kama tawi linalotambaa. Ukipasuka katikati, oka mwingine kama una muda.

Kupachika

Koroga sukari ya unga na maji machache iwe nzito kama dawa ya meno. Hii ikikauka hushika vizuri, na haina yai bichi. Anza na njiwa katikati kwa kuchomeka vijiti vyao, kisha shyshky kuwazunguka, kisha kalyna na masuke, na mwisho majani kujaza mapengo. Hesabu kila kijiti unachochomeka na uandike idadi, umpe atakayekata mkate. Si jambo la kupuuza, kwani watoto watakula. Vernishi waachie wanaotengeneza korovai ya maonyesho. Ya kuliwa haipakwi.

Ukiifunga kwa kitambaa safi itakaa siku tatu bila kuharibika.

Kugawa

Watu wengi hudhani korovai ndiyo ule mkate mwingine, unaowekwa pamoja na chumvi, ambao wazazi huwapokelea maharusi mlangoni. Huo huumwa au kumegwa palepale. Korovai hungoja, hugawiwa karibu na mwisho wa karamu, na kwa desturi anayekata ni starosta. Kwanza huondoa njiwa na kipande cha katikati, huwapa bwana na bibi harusi. Kisha wazazi, kisha ndugu kwa ukaribu wao, kisha wageni wengine. Kila anayepokea kipande hutoa zawadi yake na kuwaombea wawili hao heri. Kitako cha mkate ni haki ya wapiga muziki.

Kwa kisu chenye meno, kata safu ndefu zenye upana wa sentimita 3 kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha kila safu uikate vipande. Kipimo hiki hutosha watu 35 hadi 40. Wageni wakiwa mia mbili usikuze mkate mara tano. Fanya kama walivyofanya wao: oka mikate midogo ya ukubwa wa ngumi kwa donge lilelile, nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20, nayo huitwa shyshky vilevile. Wageni huondoka nayo mkononi, na walioshindwa kufika kwa ugonjwa au uzee hupelekewa nyumbani.